Madebe Mia na Ishirini

Mchoro ulikuwa umetandazwa juu ya meza ya bilyadi, maana meza nyingine zote za nyumba ile zilikuwa nje zikipigwa msasa. Loyce Kupaza aliuinamia, akafuata mistari yake kwa kidole, akasoma vipimo vilivyoandikwa pembeni, kisha akanyoosha mgongo.

"Urefu mita mbili, kina mita moja na nusu, upana sentimita arobaini," alisema. "Mmechora fremu ya picha."

Mwenye nyumba, Jafari Mahanyu, alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka upesi na kukasirika upesi zaidi. Miaka minane nyuma alikuwa akinunua kabichi kwa baiskeli kule Malindi ya milima ya Usambara, si ile ya pwani. Ushirika ulipodhoofika na ruksa ikatoka ya kila mtu kujifanyia biashara yake, alipata lori moja, likazaa la pili, na sasa malori matatu yenye jina lake ubavuni yalikuwa yakipeleka mboga za milimani Dar es Salaam kila wiki. Mwaka huo wa 1994, shirika moja la umma lilipouza nyumba yake ya mapumziko hapo Lushoto, Jafari ndiye aliyeichukua, na majani yake ya uani na nyuki wake wa darini. Alitaka kuifanya hoteli, na ndani ya ukumbi wa kulia alitaka bahari.

"Wageni wanapanda huku kuangalia milima," alisema. "Mimi nataka wakikaa kula, nyuma yao mlima, mbele yao matumbawe na samaki wa rangi. Hoteli gani nyingine inayo hiyo, kuanzia hapa mpaka Moshi?"

Kweli haikuwapo.

Ndiyo sababu Loyce aliitwa. Alikuwa mwanamke wa Malindi, anaikaribia hamsini, na miaka ishirini na mmoja ya maisha yake ilipita Tanga kwenye kituo kimoja cha utafiti wa samaki. Aliingia kama mfagiaji, akaishia kuwa mtunza matangi ambaye angeweza kuchovya kidole, akaonja, akasema kama chumvi imezidi. Miaka miwili iliyopita alirudi nyumbani na sanduku moja na barua ya kupunguzwa kazi, na tangu hapo alilima kabichi na karoti kwenye kipande alichoachiwa na mama yake. Jafari alipomtumia salamu kwamba ana kazi ya samaki, Loyce aliziosha gambuti, akavaa viatu, akaja. Jafari alimpokea kwa "habari za Malindi, dada," ingawa Loyce alimzidi kwa miaka sita na wote wawili walijua shikamoo ni ya nani.

Mtu wa tatu mezani alikuwa Anselm, mhandisi wa miaka thelathini hivi aliyekodiwa kutoka Dar es Salaam kusimamia ukarabati. Mchoro ulikuwa wake. Yeye alikuwa amemwamkia Loyce kwa shikamoo.

"Mama, kosa liko wapi hasa?" aliuliza.

"Umeme wa mgao unakatika saa ngapi hapa?"

"Saa mbili asubuhi. Unarudi jioni."

"Na humu ukumbini, mwezi wa saba kama huu, joto ni kiasi gani?"

Loyce alifungua mkoba, akatoa kipimajoto cha kioo kilichozungushiwa leso, akakishika hewani mpaka zebaki ikatulia.

"Kumi na tano. Samaki wa kwenye matumbawe anataka ishirini na sita. Umeme ukikatika, hita inazimika, na maji yanaanza kupoa. Tangi lako ni jembamba, ubavu wake wote umeanikwa kwenye baridi. Halafu ni refu kwenda chini. Matumbawe yanakaa chini na yanakula mwanga. Mwanga wa taa zako utafika huko umechoka. Na juu, pale maji yanapopata hewa, umeacha upenyo wa sentimita arobaini tu."

"Lakini ni lita elfu moja na mia mbili," alisema Anselm. "Si maji kidogo."

"Ni kidogo."

"Wewe ungesema ngapi?" aliuliza Jafari.

Loyce alichukua penseli ya Anselm bila kuiomba, akachora sanduku la chini na pana pembeni mwa karatasi. "Urefu mita mbili na nusu. Upana mita moja na sentimita ishirini. Kina sentimita themanini. Lita elfu mbili na mia nne." Akaona uso wa Jafari haujashika kitu, akamgeuzia hesabu katika kipimo cha sokoni. "Madebe mia na ishirini."

Jafari hakucheka tena.

"Hizo ni zaidi ya tani mbili za maji matupu," alisema Anselm polepole. "Ukiweka na mawe na vioo, tani tatu au zaidi. Na sakafu hii ni ya mbao." Aligonga kwa kisigino, na sakafu ikaitika kwa sauti ya uwazi uliokuwa chini yake.

"Basi lisikae hapa," alisema Loyce.

"Hayo ni maneno," alisema Jafari. "Mimi nimekua kwa kuona. Nioneshe."

Kesho yake akamwonesha. Fatuma, mpishi wa nyumba ile tangu zamani za shirika, alichemsha maji tangu alfajiri. Loyce alijaza debe moja na pipa moja, akachanganya ya moto na ya baridi mpaka vyote viwili vikasoma ishirini na sita, akaviweka katikati ya ukumbi saa mbili kamili, umeme ulipokatika. Kisha akakaa kwenye kiti na kufuma. Maseremala walipita, wakauliza, wakaambiwa. Wanawake waliokuwa wakifua mashuka nao wakaja kuchungulia. Mwanzoni ilikuwa kichekesho, mwanamke analinda maji. Saa sita mchana debe lilisoma ishirini na nusu, pipa ishirini na tatu. Kicheko kikapungua. Saa kumi jioni debe lilikuwa limeshuka hadi kumi na nane, na pipa lilikuwa bado ishirini na moja.

Anselm alikuwa ameandika kila saa katika daftari lake. Alikaa nalo dirishani muda mrefu, akipiga hesabu za tangi lake na za lile la Loyce, na alipoinuka alisema jambo ambalo si kila mhandisi angelisema mbele ya anayemlipa.

"Bwana Jafari, mama ana haki. Maji mengi yanajilinda yenyewe, na umbo la tangi lake linapoteza joto kidogo kuliko la langu. Langu lingeua samaki."

"Likae wapi basi hilo la tani tatu?"

Loyce alikuwa ameshazunguka nyumba nzima akigonga sakafu kwa kisigino, kama alivyomwona Anselm akifanya. Aliwaongoza kupita jikoni mpaka veranda ya nyuma. Hapo sakafu ilikuwa mawe na saruji juu ya udongo mgumu. Ukuta mmoja ulipakana na jiko kubwa la kuni, na ulikuwa na joto kama shavu la mtu. Palikuwa na mabenchi mawili. Wafanyakazi ndipo walipokula.

"Hapa," alisema.

"Hapa wanakula wafua nguo na wapagazi."

"Watakula wakiangalia samaki."

"Dada Loyce, siwezi kumpitisha mgeni rasmi katikati ya masufuria." Uso wa Jafari ulikuwa umeanza kuiva. Ufunguzi ulikuwa umebakiza wiki tano, na mkubwa mmoja kutoka mkoani alikwisha kukubali kuja kukata utepe. Jafari alishika kiuno, akatazama mabenchi, akatazama mawingu, na akapata njia yake. "Sikiliza. Tutatengeneza dogo, la lita mia mbili tatu, tuliweke ukumbini. Wewe ulijaze samaki siku mbili kabla. Ni kwa wiki ile ya ufunguzi tu. Wakifa, wafe. Tutaleta wengine."

Anselm, aliyekuwa karibu na Loyce, alidhani mama yule anapiga hesabu. Hakuwa akipiga hesabu. Alikuwa Tanga, miaka kumi na mitatu nyuma, ndani ya ofisi ya mkuu wa kituo. Mkuu yule alitaka tangi dogo kando ya meza yake kwa sababu wageni kutoka nje walikuwa wanakuja. Loyce aliliona tangi, akajua ni dogo, akajua samaki kumi na wawili hawatapona ndani yake. Mkuu alisema, "Waweke." Naye akasema, "Ndiyo, mzee," akawaweka. Jumatatu walikuwa wote wanaelea, kitatange wa rangi ya manjano aliyekuwa amemlea kwa miaka miwili akiwa kati yao. Kisha ikaletwa karatasi iliyosema mtunzaji alizidisha chakula. Aliambiwa atie sahihi, ni utaratibu tu, na akatia. Ulipofika wakati wa kutafuta majina ya kupunguza, karatasi ile ilikuwa ya kwanza katika faili lake. Karatasi alikwisha kuisamehe. Ile "ndiyo, mzee" ndiyo iliyobaki kooni kama mwiba wa changu.

"Sitafanya," alisema.

"Hujaelewa. Ni wiki moja tu."

"Nimeelewa. Sitafanya hata kwa siku moja."

"Mimi sikukuita uje kunipangia nyumba yangu. Nimekuita ulishe samaki."

"Basi tafuta mwingine wa kulisha wanaokufa."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, mbele ya Fatuma na wafua nguo watatu, na hilo ndilo lililomchoma Jafari. Loyce alirudi ukumbini, akachukua ufumaji wake na kipimajoto chake, akaenda kituo cha basi.

Kabla ya kupanda basi alipitia posta, akapiga simu Tanga. Kulikuwa na mzamiaji mmoja, Yusuph, ambaye wakati ule wa kituo ndiye aliyekuwa akiwaletea viumbe wa baharini. Yusuph alikuwa na mwiko wake: hakung'oa tumbawe lililo hai. Aliokota vipande vilivyovunjwa na baruti za wavuvi haramu, vilivyolala mchangani vikisubiri kufa, na kila alichookota alikuwa na kibali chake. Pwani yote ile hapakuwa na mwingine ambaye samaki wake walifika wazima. Loyce alimweleza habari za tangi dogo.

"Atakutumia mtu mwenye fedha," alimwambia.

"Amekwisha kutuma, tangu juzi," alisema Yusuph. "Alinitajia jina lako, nikamwambia nasubiri neno la Loyce."

"Neno langu ni hapana."

"Basi ni hapana."

Wiki iliyofuata, siku ya lori, Loyce alikuwa amepanga magunia yake ya kabichi kando ya barabara ya Malindi pamoja na ya watu wengine. Lori la Jafari lilisimama. Dereva wake, Mika, alipakia ya jirani wa kulia na ya jirani wa kushoto. Alipofika kwenye magunia ya Loyce akavua kofia.

"Dada, nimekatazwa," alisema. "Hata ya kaka yako. Nimeambiwa kabichi za akina Kupaza zisipande."

Silvano, kaka yake mkubwa, alikuwa amesimama hapo hapo na magunia kumi na moja. Alingoja lori lipotee kwenye kona ndipo akamgeukia dada yake, na akamsema kwa Kishambaa, lugha aliyoitumia alipotaka maneno yaume. Kisha akarudia kwa Kiswahili, kwa sababu majirani walikuwa wakisikiliza na alitaka wajue kwamba yeye hayumo.

"Samaki, Loyce. Umeniponza kwa ajili ya samaki ambao hata hawajavuliwa. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe."

"Nimpishe njiani, kaka, nitampisha. Lakini akitaka nimshikie kisu achinje pasipo haki, hapo hakuna njia ya kupisha."

"Na kabichi?"

"Kabichi nitazishusha mwenyewe."

Akazishusha. Alilipia nafasi juu ya paa la basi, akateremka nazo kona zote mpaka Mombo, akatandika turubai kando ya barabara kuu, pale mabasi ya Moshi na Arusha yanaposimama ili abiria wapate kula. Mtu wa Malindi haizoei Mombo. Joto lake linamkaba, vumbi linaingia mpaka kwenye mshono wa nguo, na wauzaji wenyeji walimtazama kwa jicho la kumuuliza anatafuta nini kwenye eneo lao. Siku ya kwanza aliuza nusu. Siku ya pili alijifunza kukimbia na kabichi mbili mikononi mpaka chini ya dirisha la basi, kama wasichana wa huko, akiwa na miaka arobaini na tisa na goti bovu. Alikasirika kila siku, na hasira ile ilimsaidia kukimbia. Watu walipokuja kumwambia kwamba Jafari anamwita mchawi wa maendeleo, aliwauliza kama wananunua kabichi au wanaleta salamu tu.

Wiki ya tatu, alipokuwa akifunga turubai kwenye miti, aliona magunia yakiteremshwa kutoka kwenye basi na mtu mrefu akiyahesabu kwa kunung'unika. Alikuwa Silvano.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Sogea huko," alisema Silvano, na akatandika lake. Jioni mwenyeji mmoja alipowaambia watu wa milimani waondoke pale, Silvano ndiye aliyesimama na kujibu, na alijibu kwa urefu.

Ufunguzi ukapita. Habari zake zililetwa Mombo na Fatuma, aliyekuwa akienda Korogwe kumwona binti yake. Alikula ndizi mbili kwanza ndipo akasimulia.

"Pale ukutani pa tangi wametundika picha ya bahari. Kubwa, ya kununua. Mgeni rasmi alikata utepe, akala, akasifu nyama. Kisha akauliza mbele ya watu, 'Bwana Mahanyu, bahari yenyewe tuliyoahidiwa iko wapi?' Bwana akasema iko njiani. Mgeni akasema, basi atarudi kuiona." Fatuma alijifuta vidole. "Watu walicheka, mwenzangu. Kwa heshima, lakini walicheka."

Loyce hakufurahi kama alivyodhani angefurahi. Alikumbuka jinsi Jafari alivyolitamka neno matumbawe siku ile ya kwanza, mdomo umejaa, kama mtu anayetamka jina la mchumba.

Siku nne baadaye pikapu ilisimama mbele ya turubai. Jafari aliteremka, na Anselm nyuma yake na daftari. Silvano alikunja mikono.

Jafari alijifuta jasho usoni. "Shikamoo, dada," alisema.

"Marahaba."

Aliinama, akachukua kabichi moja, akaipima mkononi kwa namna ya mtu aliyezaliwa katika biashara hiyo. "Zimenyauka hizi."

"Zimekaa juani. Zingepanda lori la Jumanne zisingenyauka."

Anselm alitazama pembeni. Jafari aliirudisha kabichi mahali pake taratibu. "Tukutane katikati," alisema. "Ukumbini, lakini kubwa. Madebe themanini. Anselm atasimamisha nguzo chini ya sakafu."

"Nguzo naweza," alisema Anselm. "Ila joto la themanini si joto la mia na ishirini. Na pale hakuna ukuta wa jiko. Nilikwambia njiani."

"Nakusikia, bwana. Nimemuuliza yeye."

"Mia na ishirini," alisema Loyce. "Veranda ya nyuma. Ukishalijaza maji na mawe, wiki sita hakuna samaki hata mmoja, mpaka niseme maji yameiva. Na wafanyakazi wako wataendelea kula palepale. Usije ukaniambia baadaye umeweka mlango."

"Kuna kingine?"

"Kipo. Kabichi za watu zitapanda lori, za kaka yangu na za yeyote, hata kama kesho nitagombana nawe tena. Maana nitagombana."

Basi la Arusha liliingia kwa honi, wauzaji wakalikimbilia, lakini Loyce hakuondoka. Alikuwa amejiandaa kwa hapana. Alikuwa ameshahesabu moyoni kwamba anaweza kuuza Mombo mpaka masika, na baada ya masika Mungu ni mkubwa. Jafari aliyatazama magunia, akautazama mlima uliokuwa juu yao umevaa mawingu, akatoa pumzi kama mtu anayetua mzigo asiotaka watu waone ulivyokuwa mzito.

"Anselm, andika," alisema.

Walimwaga zege mwezi wa tisa. Vioo vizito vilipandishwa kutoka Dar es Salaam kwenye lori la kabichi, vimelazwa juu ya magodoro, na Mika aliendesha kona za Mombo kwa mwendo wa msiba. Maji yalikuja kutoka Tanga, mapipa kumi na mawili ya plastiki. Loyce aliyaonja yote kumi na mawili, akalikataa moja lililokuwa na harufu ya sabuni. Jafari alituma lori tena.

Kisha zikaja wiki sita za mawe na maji. Mawe yakawa ya kahawia, yakawa ya kijani kama ukoga wa kisimani, na wageni waliopelekwa nyuma kuyaona walirudi wakiulizana. Jafari alipita kila asubuhi na mikono nyuma, akatazama, akaondoka. Wiki ya tano alisema, "Hata mmoja tu, dada, wa kuonja." Loyce alisema wiki sita ni sita. Mwisho wa wiki ya sita ukungu ulikuwa umetoka, na maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba Fatuma alidhani yameisha.

Yusuph alipanda milima kwa mara ya kwanza maishani mwake, na ndoo zake zimefunikwa, akitetemeka ndani ya sweta la kike aliloazimwa njiani. Alishusha vipande vya matumbawe, kimoja kimoja, Loyce akivipanga juu ya mawe, mikono imezama mpaka mabegani. Siku kumi baadaye wakaja samaki: wanane tu, ingawa Jafari alitaka arobaini. Wafua nguo waliacha mabeseni. Mmoja wao, mwanamke wa Kigoma aliyekuja Usambara na mume wake kuchuma chai na hajawahi kuiona bahari, alisimama mbele ya kioo na sahani ya ugali mkononi mpaka ugali ukapoa.

Wageni nao wakaja. Walikuja kwa kupitia jikoni, wakainamisha vichwa chini ya masufuria yaliyoning'inia, wakakaa kwenye mabenchi pamoja na wapagazi kwa sababu hapakuwa na pengine pa kukaa. Jafari aliwaombea radhi wiki ya kwanza. Baadaye akaacha.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, nguzo ya umeme ilianguka huko njiani, na mji mzima ukakaa siku mbili bila umeme. Loyce alilifunika tangi kwa mablanketi pande zote na juu. Alielekeza madumu ya maji ya moto yaelee ndani kwa zamu, na pampu ya hewa akaiunga kwenye betri ya lori ambayo Mika alikuwa ameing'oa bila kumuuliza mtu. Kipimajoto kilishuka mpaka ishirini na mbili, kikagoma hapo.

Alasiri ya siku ya pili, Jafari aliingia kwa haraka, akifunga kifungo cha koti.

"Amekuja," alisema. "Yule mkubwa wa mkoa. Yuko ukumbini. Anataka kuiona bahari yake."

"Leo haifunguliwi."

"Upande mmoja tu. Dakika mbili."

"Kila dakika ni joto linalotoka, na sina la kulirudisha. Hapana."

"Dada Loyce, huyu si mtu wa kuambiwa hapana."

"Mpe chai. Umeme ukirudi, maji yakifika ishirini na nne, nitafungua mwenyewe na nitampa kiti cha mbele. Kama hawezi kungoja, arudi safari nyingine."

Jafari aliyatazama mablanketi, mengine yakiwa ya vyumba vya wageni, mapya, yenye jina la hoteli. Alimtazama Fatuma aliyekuwa akipepea moto, na mwanamke wa Kigoma aliyeshika dumu, na wote wawili wakamtazama bila kusogea. Alisugua uso kwa viganja vyote viwili. Kisha akageuka, akapita chini ya masufuria, akaenda ukumbini.

Mlango ulibaki wazi. Walisikia sauti ya Jafari ikieleza, na sauti nzito ikiuliza ni nani aliyesema hivyo.

"Mwenye tangi," alijibu Jafari.

Loyce aliingiza mkono chini ya blanketi, akatoa dumu lililokuwa limepoa, akampa Fatuma alijaze tena.